Riwaya za wanaume wawili wapendanao Zama za Kati: shida si kitanda kimoja, ni wivu wa baraza

KalamuKavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenzi wa riwaya za mapenzi za kihistoria, hasa zile ambazo wapendanao ni wanaume wawili na mandhari ni Ulaya ya ngome, deraya na farasi. Anayetaka kubishana kama watu hao walipaswa kupendana au la, nyuzi za namna hiyo zipo tele. Hapa tuzungumzie fani.

Lalamiko langu ni kwamba nyingi ya riwaya hizi zimechukua hofu za mtu wa leo zikazivika deraya. Wahusika wanaogopa kuonekana wameshikana mikono. Wakifika nyumba ya wageni wakaambiwa kimebaki kitanda kimoja, basi sura nzima inateketea hapo, mwandishi anahema, msomaji anahema. Jamani, kitanda kimoja karne ya 13? Wasafiri walilala wawili watatu kitanda kimoja na hakuna aliyepandisha nyusi. Busu la mdomoni nalo lilikuwa sehemu ya kiapo cha utii. Mtu anapiga magoti, anaunganisha viganja vyake na kuviweka ndani ya viganja vya bwana wake, anaapa, wanabusiana, mashahidi wanatazama. Ardhi imepata mwenyewe, watu wanakwenda kula.

Mwaka 1187 Richard, mwana wa Henry II wa Uingereza (yule aliyekuja kuitwa Moyo wa Simba), alikwenda kukaa na Philip II wa Ufaransa. Roger wa Howden, mwandishi wa kumbukumbu wa enzi hizo, anasema walikula kila siku meza moja na chombo kimoja, na usiku kitanda hakikuwatenganisha. Henry alishtuka. Wanahistoria wengi leo wanasema kilichomshtua ni siasa: mwanawe na adui yake wanaitangazia dunia kwamba wamekuwa uta na upote. Tendo ni lilelile, la hadharani, na hakuna aliyejificha. Kilichoumiza ni maana yake kwa aliyeachwa nje.

Ndiyo maana nasema mwandishi anayetafuta moto wa hadithi chumbani anautafuta pasipo kuni nyingi. Kuni ziko barazani. Ukipendwa na bwana, unapewa ardhi, unapewa mke mwenye urithi, unasogezwa karibu na sikio lake, na kila hatua unayosogea kuna mtu anasogezwa mbali. Huyo ndiye atakayekuja na upanga.

Mfano ulio wazi ni Edward II, mfalme wa Uingereza, na kipenzi chake Piers Gaveston. Nitauleta nikiona kuna wasikilizaji.

MamaRiwaya

Wasikilizaji tupo, lete. Ila mleta uzi, usitunyang'anye kitanda chetu! Hadithi ya mapenzi inataka kizuizi. Ukisema kila kitu kilikuwa ruksa, hao wawili watakutana ukurasa wa pili na kitabu kitakuwa kimekwisha. Na Kanisa umeliweka wapi?

KalamuKavu

Bi mkubwa, sijasema kila kitu kilikuwa ruksa. Mapenzi kwa maneno, kwa machozi, kwa busu na kwa kitanda cha usingizi yalikuwa na nafasi pana kuliko leo. Tendo la ndoa kati ya wanaume ni habari nyingine kabisa. Mtawa mmoja, Peter Damian, alishaliandikia kitabu kizima cha hasira katikati ya karne ya 11, akamtumia Papa. Mtaguso wa Tatu wa Laterano wa mwaka 1179 ukaamua kwamba kasisi atakayebainika avuliwe daraja au afungiwe monasterini kufanya toba, na mlei atengwe na Kanisa. Kadiri karne zinavyosogea, sheria za miji zinaongeza moto, na hapo simaanishi moto wa mafumbo.

Kwa hiyo kizuizi kipo, lakini kimekaa mahali tofauti na anapokiweka mwandishi wa leo. Wahusika wako wanaweza kuambiana "nakupenda kuliko roho yangu" mbele ya askofu na askofu akaitikia amina. Wasichoweza kusema ni kitu kimoja tu. Hebu fikiria mazungumzo yanayoweza kuandikwa hapo! Kila neno tamu limekubalika, kwa hiyo hakuna neno linalothibitisha chochote. Mtu anaambiwa anapendwa, na bado hajui kama ameambiwa. Mimi hiyo naiona tamu kuliko kushtukiana kwenye ngazi za mnara.

Sasa Gaveston. Huyu alikuwa mtoto wa askari wa farasi kutoka Gascony, si mtu wa ukoo mkubwa wa Uingereza. Mwaka 1307 Edward I alimfukuza nchini ili kumtenga na mwanawe. Mzee akafa Julai mwaka huohuo. Mwana, sasa mfalme, anamrudisha, anampa jimbo la Cornwall lenye hadhi ya kifalme, na kumwoza Margaret de Clare, mpwa wake mwenyewe. Februari 1308, siku ya kutawazwa, Gaveston ndiye aliyebeba taji, amevaa zambarau na lulu, watu wanasema amempita hata mfalme. Isabella, malkia mpya, ana miaka kama 12, ametoka Ufaransa juzi, ndugu zake wamekaa pale wanayatazama hayo.

Halafu Gaveston hakuwa na ulimi wa kukaa kimya. Aliwabandika mabwana wakubwa majina ya kejeli. Mmoja wao, Earl wa Warwick, akaitwa naye mbwa mweusi wa Arden. Akafukuzwa nchini tena, akarudi, akafukuzwa, akarudi. Mwaka 1312 huyo "mbwa" alimnasa, na tarehe 19 Juni akauawa kilimani Blacklow, karibu na Warwick, bila hukumu ya maana. Alikufa akiwa ametengwa na Kanisa, maiti ikakaa kwa watawa wa Dominiko huko Oxford, na mfalme hakumzika hadi mapema 1315.

Soma malalamiko ya mabwana hao. Kelele kubwa ni za vyeo, ardhi, hazina na mlango wa mfalme uliofungwa. Kama walilala pamoja kwa maana hiyo nyingine, hakuna anayeweza kuapa leo. Mwandishi wa riwaya hana haja ya kuapa. Amwache mfalme ampende, kisha aonyeshe baraza likihesabu ni mashamba mangapi yameondoka.

Mpekuzi

Mkuu, nakusoma kwa makini ila nina breki kidogo. Watu wengi wanaopenda riwaya hizi wana tabia ya kubatiza kila urafiki wa zamani. Wawili wakizikwa pamoja, tayari ni wapenzi. Mwanahistoria John Boswell alipotoa kitabu chake mwaka 1994 kuhusu ibada za kufanya udugu katika makanisa ya Mashariki, akizisoma kama aina ya ndoa, wanahistoria wengi walimpinga. Walisema ibada zile zilifunga undugu wa kuchagua, ambao ulikuwa na kazi zake: amani kati ya koo, biashara, ulinzi safarini. Kuna hatari ya kuvunja kitu halisi ili kupata kitu tunachokitamani.

Hata hivyo nawapa zawadi, maana sijaja kuharibu karamu. William Neville na John Clanvowe walikuwa askari wa farasi wa Kiingereza, watu wa chumba cha mfalme Richard II (yaani watumishi wake wa karibu), na Clanvowe alikuwa mshairi pia. Oktoba 1391 Clanvowe alifariki karibu na Konstantinopoli. Kumbukumbu za watawa wa Westminster zinasema Neville alimpenda kama nafsi yake, na kwa huzuni akakataa chakula, akafa siku mbili baadaye. Jiwe lao la kaburi lilipatikana Galata, ng'ambo ya Konstantinopoli, na sasa liko jumba la makumbusho ya akiolojia Istanbul. Kofia zao mbili za chuma zimechongwa zikitazamana, pua kwa pua. Chini yake kuna ngao mbili, na kila ngao imegawanywa katikati: nusu nembo ya Neville, nusu ya Clanvowe. Nembo ziliunganishwa namna hiyo mtu alipooa.

Mwanahistoria Alan Bray aliliandikia sana jiwe hilo, na alikuwa mwangalifu. Hakusema "hawa walikuwa hivi". Alisema jamii yao iliona udugu huo unastahili kuchongwa kwenye jiwe kanisani.

ChumaMoto

Jiwe hilo nimeliona kwenye picha, linatisha kwa uzuri. Mwandishi akilipata hana haja ya kubuni mwisho.

MamaRiwaya

Mwisho gani huo! Wote wamekufa! Nimechoka na hadithi ambazo wanaume wawili wakipendana lazima mmoja azikwe kabla ya ukurasa wa mwisho. Riwaya ya mapenzi ni mkataba na msomaji: nitateswa, nitalia, lakini mwishoni watakuwa pamoja.

KalamuKavu

Nitarudi kwenye hilo, bi mkubwa, nina jibu lako mfukoni.

Kwanza kwa Mpekuzi. Hoja yako naipokea kwa mikono miwili, lakini riwaya si mahakama. Historia inauliza ushahidi unaruhusu kusema nini. Riwaya inauliza ukimya wa ushahidi unaruhusu kuwaza nini. Na mbona Zama za Kati zenyewe ziliwaza? Katika ile Lancelot ndefu ya nathari ya Kifaransa, ya mwanzoni mwa karne ya 13, yumo Galehaut. Mtu mkubwa kwa umbo na kwa milki, ameshashinda falme nyingi, amekuja kumpokonya nchi Arthur, yule mfalme wa ngano, na vita inamwendea vizuri. Anamwona uwanjani askari mmoja mwenye deraya nyeusi, ndiye Lancelot, akipigana upande wa Arthur. Anaacha kila kitu, anamfuata, anamwomba alale kambini kwake usiku mmoja tu, na chochote atakachotaka atapewa. Usiku Lancelot akishalala, Galehaut anajilaza karibu naye kimyakimya na kumsikia akilalamika usingizini. Kulipokucha Lancelot anataja anachotaka: ukifika pa kushinda, nenda ukajisalimishe kwa Arthur.

Na Galehaut anakwenda! Ameshinda, anashuka farasi mbele ya jeshi lake lote, anapiga magoti kwa Arthur, mtu ambaye yeye mwenyewe ameshamshinda. Kisha, kama vile hajaumia vya kutosha, yeye ndiye anayepanga busu la kwanza la Lancelot na Guinevere, mke wa Arthur, kwa sababu ndilo analolitaka anayempenda. Baadaye anapewa habari za uongo kwamba Lancelot amekufa, anaacha kula, anakonda, anakufa. Lancelot akifa miaka mingi baadaye anazikwa kaburi moja naye, ngome ya Joyeuse Garde.

Haya waliyaandika wao wenyewe, na yalisomwa kote. Dante alimtaja Galehaut kwenye Jehanamu, wimbo wa tano, na Boccaccio akaipa Decameron jina la pili la mkuu huyohuyo. Ajabu ni kwamba kwao hao wawili alibaki kuwa kuwadi wa Guinevere tu. Mapenzi yake mwenyewe yalipotea njiani.

Mpekuzi

Hapo umenishika. Kujisalimisha baada ya kushinda ni tendo la kisiasa la kichaa kabisa. Washauri wake walisemaje?

KalamuKavu

Ndiyo sura ambayo ningeiandika mimi! Hema la washauri usiku ule. Watu walioahidiwa ardhi ya Uingereza wanaambiwa asubuhi wafungashe.

DadaWaMaktaba

Ninauliza swali ambalo wanaume wa uzi huu hamjaligusa: wake zao? Kila riwaya ya namna hii niliyosoma, mke ni mchawi au ni kiti. Yupo ili awafumanie.

KalamuKavu

Dada, umegonga penyewe. Ndoa ilikuwa jambo la urithi, na mwanamume kuoa hakukumaliza wala kuanzisha mapenzi yake mahali pengine. Edward alizaa na Isabella watoto wanne. Margaret wa Gaveston alizaa naye binti. Mke wa mtu mkubwa alikuwa na nyumba yake, watumishi wake, mhuri wake, na mali atakayobaki nayo akifiwa. Kwa hiyo ana maslahi yake mezani, na si lazima wivu wake uwe wa kitandani. Isabella alimvumilia Gaveston kwa kiasi fulani. Miaka ya baadaye, Hugh Despenser kijana, kipenzi mwingine wa mfalme, alipomnyang'anya mali na nafasi, ndipo alipokwenda Ufaransa, akarudi 1326 na jeshi, na mume wake akang'olewa kwenye kiti Januari 1327. Andika mke anayejua hesabu. Atakuwa mhusika bora kuliko wote wawili.

MamaRiwaya

Jibu langu liko wapi, wewe mtu wa mfukoni?

KalamuKavu

Hili hapa. Julai 1421, kanisani Harfleur, Normandy, Waingereza wawili waliokuwa vitani huko, Nicholas Molyneux na John Winter, walifunga mkataba wa udugu wa silaha. Mmoja akitekwa, mwenzake amtafutie fidia. Fidia ikizidi kiwango walichokubaliana, mwenzake akajiweke rehani kwa adui kwa miezi kadhaa ili aliyetekwa atoke akatafute fedha. Faida yote ya vita ipelekwe London, iwekwe kwenye sanduku kanisani, sanduku lenye funguo mbili, kila mmoja wake. Ushirika huo haukufa uwanjani: ulidumu hadi 1445.

Wanahistoria wanausoma kama biashara, na naamini ilikuwa biashara. Lakini mwandishi wa mapenzi akisoma kifungu kinachosema "nitakwenda kukaa gerezani badala yako", hawezi kulala. Kusini mwa Ufaransa nako, mwishoni mwa Zama za Kati, watu walikwenda kwa mwandishi wa hati wakafunga udugu wa kuishi pamoja: mkate mmoja, divai moja, mfuko mmoja. Wengi wao walikuwa ndugu wa damu wanaounganisha urithi, lakini si wote. Bi mkubwa, hapo pana mwisho mwema bila kuivunjia historia heshima. Wazee wawili, nyumba moja, hati iliyopigwa mhuri, majirani hawana la kuuliza.

Mimi nina rasimu iliyojengwa juu ya mkataba wa aina hiyo. Majina ni ya kubuni, wote wawili ni watu wazima wa miaka thelathini na kitu. Kipande kifupi:

*Alfajiri ile Wat alianza miguuni, kama ipasavyo. Alipiga goti kwenye majani yaliyolowa, akamvika Hugh viatu vya chuma, akapanda kwenye muundi, akakaza mshipi nyuma ya goti, kisha akaingiza kidole kati ya ngozi na mguu kupima kama damu itapita.*

*"Umekaza mno."*

*"Jana ulisema nimelegeza."*

*"Jana nilikuwa na hasira."*

*Alipofika mabegani hakumtazama usoni. Alizitafuta kamba moja moja, zile alizozipaka nta mwenyewe usiku, akazifunga kwa fundo lisilofunguka ila kwa anayelijua.*

*"Na nikitekwa, nani atanifungua hili?"*

*"Usitekwe."*

ChumaMoto

Sasa mmeingia shambani kwangu. Kuanza miguuni ni sahihi, na nta kwenye kamba ni sahihi pia: kuna maelezo ya Kiingereza ya karne ya 15 ya namna ya kumvika mtu deraya, yanataka kamba za uzi uleule wa upinde wa mtambo, zipakwe nta ya fundi viatu zisinyooke wala kukatika. Lakini fundo lisilofunguka, hapana. Mtu akijeruhiwa unataka deraya itoke haraka. Wat anampenda au anataka kumwua? Na kijana wao wa kuwavika yuko wapi? Watu wa hadhi hiyo hawavikani wenyewe.

KalamuKavu

Kijana ametumwa kunywesha farasi ambao wameshakunywa. Hugh anajua, Wat anajua kwamba anajua. Fundo nalibadilisha, mkuu, kisu kitalikata.

Mpekuzi

Usilibadilishe. Acha kosa libaki, ila liwe kosa la Wat. Hugh akatwe kamba na mtu mwingine vitani, Wat aje azione zimekatwa.

MamaRiwaya

Mpekuzi! Wewe uliyekuja na breki!

DadaWaMaktaba

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwa nini kila mtu anaandika askari na wafalme? Watawa? Mafundi? Miji?

KalamuKavu

Watawa wana hazina. Aelred, abate wa Rievaulx kule Yorkshire, aliyefariki 1167, aliandika kitabu kuhusu urafiki wa kiroho, na aliyeandika maisha yake anasema aliwaruhusu watawa wake kushikana mikono, jambo ambalo maabate wengine hawakulivumilia. Simulizi nzima iko pale: wawili walioapa kutokuwa na chochote cha kwao, na sasa kila mmoja ana mtu.

Kwa mji, nenda Florence. Kuanzia 1432 hadi 1502 kulikuwa na ofisi maalumu, Maofisa wa Usiku, kazi yao kupokea mashtaka ya tendo la ndoa kati ya wanaume. Mwanahistoria Michael Rocke alipekua majalada yao: wanaume wapatao 17,000 walitajwa katika miaka hiyo 70, katika mji wenye watu kama 40,000. Masanduku ya kutumbukizia barua zisizo na jina yaliwekwa makanisani. Adhabu mara nyingi ilikuwa faini, na wengi hawakutozwa hata hiyo. Niongeze kwamba majalada yale kwa kawaida yanamhusu mtu mzima na kijana mdogo, na hilo mwandishi wa leo analiacha kwenye majalada, anaandika watu wazima wawili. Ni haki yake, na mimi sisomi vinginevyo.

Lakini tazama mazingira: fundi na mteja wake, duka lina mlango wa barabarani, jirani ana deni kwako na anajua kuandika. Hapo sasa ndipo siri inapostahili kuwa injini ya hadithi, kwa sababu kuna sanduku kanisani lenye tundu. Ngome ya Arthur haikuwa nalo.

DadaWaMaktaba

Jirani mwenye deni anayejua kuandika. Huyo nachukua mimi, mtu asimguse.

ChumaMoto

Mchukue. Mleta uzi, tuwekee kipande cha kutekwa kwa Hugh. Na tafadhali usimpe upanga wa kukata deraya ya bamba katikati kama tikiti. Kwapani, nyuma ya goti, tundu la macho. Basi.